Kigango Si Pambo la Sebuleni

Wahenga walituachia usemi kwamba mwacha mila ni mtumwa. Usemi huu twaupenda mno. Twausikia katika hotuba, twaufundisha shuleni, na kila penye sherehe ya ngoma hapakosi mtu wa kuutaja. Lakini katika umri wangu wote sijasikia mtu akiuliza swali la pili: ikiwa aachaye mila ni mtumwa, je, yule anayeiuza tumwiteje? Na yule anayeinunua, akaifunga guniani na kuipakia melini, naye tumwiteje?

Ndugu msomaji, nauliza haya kwa sababu mimi mwenyewe ni mkusanyaji wa vitu vya kale. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 nimekuwa nikikusanya kazi za mikono ya watu wetu. Nina vigoda vya Wakamba vilivyokaliwa na wazee hata vikang'aa. Nina vibuyu vya maziwa vilivyoshonwa kwa ustadi mahali vilipopasuka. Nina mbuzi za kukunia nazi, pawa za vifuu, na kibao cha bao ambacho mashimo yake yamelika kwa kuchezwa. Wageni wakija nyumbani huvitazama wakafurahi, nami huwaeleza kila kimoja kilitoka wapi na kwa nani. Sioni aibu kwa hilo. Kupenda kazi ya fundi si dhambi.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho sikukinunua, na hicho ndicho kinachonisumbua kuliko vyote nilivyonavyo. Nitakieleza, lakini kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna kilichochongwa kiuzwe, na kuna kilichochongwa kisimame mahali pake.

KAZI YA SOKO

Chukua mfano wa wachongaji wa Ukambani. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, aliona uchongaji wa Wazaramo akajifunza. Aliporudi kwao alianza kuchonga vitu vya kuuza, na wengine wakamfuata. Wachongaji hao walienea hata wakashuka Mombasa, na mwaka 1963 wakaunda chama chao cha ushirika huko Changamwe. Kwa tezo na patasi wamejenga nyumba na kusomesha watoto.

Hiyo ni kazi halali. Mchongaji ametaja bei yake mwenyewe, mnunuzi amelipa, kila mmoja ameondoka ameridhika. Anayemcheka fundi huyo eti twiga wake ni wa watalii, na ajiulize kama yeye huenda kazini bila ya kutaka mshahara.

Ajabu ni kwamba wakusanyaji wengi wakubwa hawaitaki kazi hiyo. Kwao kilichochongwa jana hakina thamani. Wao wataka kitu kilichotumika, kilichoshikwa na mikono iliyokwisha kufa, kilichowahi kuogopwa au kuombewa. Na soko halikosi njia. Huwapa wanachokitaka kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni udanganyifu. Ingia katika maduka ya vinyago ya Nairobi au Mombasa utaonyeshwa vinyago vya kuvaa usoni, vingi vikiwa vya mitindo ya Kongo na Afrika Magharibi, nawe utaambiwa vina umri wa miaka mia. Kumbe kinyago chaweza kuzikwa udongoni kwa majuma machache, kikafukizwa moshi, kikapakwa rangi ya viatu, nacho kikatoka na uzee kumshinda babu yako. Mimi nilinunua kimoja cha namna hiyo ujanani. Ilipofika masika, unyevu ulipoingia nyumbani, kila aliyekigusa alitoka na vidole vyeusi, na sebule nzima ikanuka kama bweni la askari. Nilicheka, nikakitundika jikoni. Hasara ile ilikuwa yangu peke yangu.

Namna ya pili ni wizi, na hapo hasara si ya mnunuzi.

MZEE ALIYESIMAMA

Wasomaji wa bara huenda hawajawahi kuona kigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu ambayo Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Mijikenda humchongea mtu aliyekuwa wa Gohu. Gohu ni chama cha wazee wenye mali na heshima, na kuingia humo kulitaka karamu kubwa, si jambo la kila mtu. Nguzo yenyewe yaweza kufikia kimo cha mtu au kumpita. Kichwa mara nyingi ni cha duara, kiwiliwili ni kirefu na bapa, na juu yake fundi hutia nakshi ya pembetatu ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Hufungwa vitambaa, kama mtu aliyevikwa nguo. Watu wa kawaida, wasiokuwa wa Gohu, huwekewa vigingi vidogo visivyo na nakshi nyingi, viitwavyo koma.

Kigango hakisimamishwi siku ya maziko. Miaka yaweza kupita. Kisha mtu wa mji ule huota ndoto, marehemu amemjia akilalamika kwamba amesahauliwa. Au maradhi huingia mjini, mvua ikakatika, mganga akaulizwa, na jibu likawa ni hilo hilo. Hapo ndipo fundi huitwa, mti ukatafutwa, nguzo ikachongwa na kusimamishwa, na tembo la mnazi likamiminwa chini. Tangu siku hiyo marehemu ana mahali pa kukaa. Huombwa mvua, huombwa uzazi, na huambiwa habari za wajukuu asiowajua.

Jambo la kushika ni hili: kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Wenye mji wakihama kutafuta mashamba mengine, huviacha vigango vyao pale pale vilipo. Vitanyeshewa, vitapigwa na jua, vitainama, na mwisho vitaanguka na kuwa udongo. Ndivyo vilivyokusudiwa.

Kuna methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni kweli. Lakini kilichochongwa kwa msiba wa mwenzako yafaa kikutishe kidogo, hata kama wewe huamini mizimu.

USIKU WA GUNIA

Sasa nirudie kile kitu nisichokinunua. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika sehemu za Kaloleni. Watu wote walijua kwamba mwalimu apenda vitu vya zamani. Usiku mmoja nilisikia hodi, nikafungua mlango. Alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha, na begani alikuwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa magunia.

"Mwalimu, nimekuletea kitu chako," akasema.

Alipofungua, taa ya chemni ilimulika kichwa cha duara, na chini ya kichwa kitambaa chekundu kilichopauka, bado kimefungwa shingoni. Miguuni mwa nguzo ile palikuwa na udongo, na udongo wenyewe ulikuwa mbichi.

"Umekitoa wapi?"

"Ni cha nyumbani, Mwalimu. Hakina kazi tena. Vijana hatuna mambo hayo sasa."

Akataja bei. Haikufika bei ya mbuzi. Nilimwambia sitaki, na kwamba alilofanya si jambo zuri. Hakukasirika. Alifunga gunia lake polepole, akasema, "Basi si neno, Mwalimu. Nitampelekea yule wa mjini. Yeye hakatai." Akaenda zake. Nami nilifunga mlango nikalala, nikijiona mtu mwema.

Sikumfuata. Sikwenda kwa wazee. Sikumwambia chifu. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wangu, nami sikutaka makuu.

Baada ya miezi miwili hivi nilikwenda matangani katika mji mmoja usio mbali na shule. Kando ya mji, chini ya mkorosho, niliona vigango vitatu vimesimama kwa safu, na baada ya cha tatu palikuwa na shimo. Mzee mmoja alinikuta pale nimeduwaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unapatazama alipokuwa ndugu yangu?"

Sikuwa na la kusema. Mzee akaendelea, si kwa hasira, bali kama mtu anayeeleza habari za msafiri: "Zamani alikuwa akinijia usingizini. Tangu walipomwondoa haji tena. Sijui kama amepotea njia."

Mimi nilijua njia aliyopitishwa, wala sikumwambia. Mzee yule amekwisha kufa, na deni lake sina wa kumlipa. Ndiyo maana nasema kwamba kutonunua peke yake hakumtakasi mtu.

WALIO UGENINI

Siku zile nilidhani ni balaa la mji ule mmoja. Kumbe biashara ilikuwa kubwa. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa. Picha ikabaki. Mnamo mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, mwenzake, Linda Giles, alionyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho ya chuo kimoja, na Udvardy akakitambua kimoja kuwa ni kile kile. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Utafiti wa Giles ulihesabu vigango 294 katika majumba 19 ya makumbusho ya Marekani. Hapo hatujahesabu vilivyomo majumbani mwa matajiri na waigizaji wa filamu, ambako wengi walivinunua kwa maelfu ya dola.

Angalia basi hesabu hiyo. Kijana wa Kaloleni alipata bei isiyofika mbuzi. Mwenye duka wa mjini akapata yake. Mfanyabiashara wa ng'ambo akapata kubwa zaidi. Aliyechonga hakupata kitu, aliyesimamisha hakupata kitu, na aliyelala chini ya nguzo akapoteza hata mahali pa kusimama.

Kufikia mwaka 2007 vigango vile viwili vya kwenye picha vilikuwa vimerudishwa Kenya, na familia ikafanya shangwe. Lakini sikilizeni lililofuata. Kwa kuogopa wezi wasirudi tena, kigango kilichorudi mjini kilizungushiwa kizimba cha chuma. Mzee aliyetoka kifungoni ugenini alifungwa tena nyumbani kwake, na safari hii kwa mapenzi.

Wengine nao wamerudisha. Mwaka 2014 makumbusho ya mambo ya asili na sayansi ya Denver yaliamua kutoa vigango 30, na mwaka 2022 makumbusho ya jimbo la Illinois yalitoa vingine 37. Twawashukuru. Hata hivyo shukrani hiyo ina uchungu ndani yake, maana vingi havijulikani vilitoka mji gani wala ni vya ukoo gani. Mwizi haandiki anwani. Kigango kisichojulikana mji wake hakina pa kusimama ila ghalani, hata kama ghala hilo liko Kenya.

HOJA ZA WANUNUZI

Wakusanyaji wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Nimezisikia mara nyingi, baadhi yake nikiwa nimekaa mezani kwao.

Husema kwanza kwamba wameviokoa. Lau si wao, vigango vingeliwa na mchwa na dunia isingepata kuviona. Hoja hii ina utamu, lakini haina msingi. Mwenye kitu ndiye aliyetaka kirudi udongoni. Ukimkuta jirani amezika maiti yake, huwezi kuifukua kisha ukadai kwamba umeiokoa isioze. Nasema waziwazi: mchwa wa Kaloleni ana haki zaidi juu ya kigango kuliko tajiri wa Los Angeles.

Husema tena kwamba vilikuwa vimetupwa, kwani wenyewe walikuwa wamehama. Basi na tuulize: makaburi ya wazee wa Ulaya yaliyoko katika vijiji visivyo na watu tena, nayo yametupwa? Tukienda na majembe tukang'oa mawe yake tuyalete Nairobi tuyapambe hotelini, tutaitwa wakusanyaji au tutaitwa wezi? Kuacha mahali si kutupa. Mgiriama aliyehama alimwacha mzee wake pale kwa kuwa ndipo penyewe, naye alijua njia ya kumrudia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni kwamba walinunua kwa fedha, kutoka kwa mtu aliyeuza kwa hiari yake. Hapa hatuna budi kuinamisha vichwa. Ni kweli, aliyeng'oa alikuwa mtoto wetu. Hakuna Mzungu aliyetembea usiku peke yake katika mashamba ya mihogo akajua kaburi liko wapi. Lakini aliyeuza hakuwa mwenye mali. Kigango ni cha ukoo mzima, walio hai na waliokufa na watakaozaliwa. Mjukuu mmoja hana idhini ya kukiuza, kama vile asivyoweza kumuuza nyanya yake.

LAWAMA YA NYUMBANI

Tusiwatupie wageni lawama yote tukanawa mikono. Njaa ilimsukuma kijana, hilo nalikubali. Lakini pia tulikuwa tumekwisha kumfundisha kwamba vitu vile ni ushenzi. Sisi walimu tulisema hivyo darasani, na wahubiri wakasema hivyo mimbarini. Ukimwambia mtoto kwa miaka kumi kwamba mti ule ni wa shetani, usishangae siku ya kumi na moja akiuuza. Na leo hali ni mbaya zaidi, kwani huko Kilifi wapo wazee walioshukiwa uchawi wakauawa, na wengine wakakimbia miji yao. Mzee akiogopa kuonekana na mila, ni nani atakayemwonyesha kijana kaburi la babu yake na maana yake?

Serikali imetunga Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Misitu ya kaya za Mijikenda nayo iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Walakini vigango vingi havimo ndani ya kaya. Vimesimama mashambani, kando ya miji ya watu, vichakani mahali ambapo hapana mlinzi wala ubao. Karatasi ya Nairobi haimzuii mwizi wa usiku.

LA KUFANYA

Mimi si mkubwa wa serikali, lakini naona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kuandika na kupiga picha. Kilichowarudisha wale wawili ni picha moja tu ya mwaka 1985. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera. Basi na apige picha za vigango vya kwao, aandike jina la marehemu, ukoo na mji, na nakala moja akaiweke kwa wazee wa kaya na nyingine kwa watu wa makumbusho. Asiisambaze ovyo, isije ikawa ramani ya mwizi. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa shule moja kwa likizo moja.

La pili ni kwa sisi wanunuzi. Kabla hujatoa fedha uliza maswali mawili: kitu hiki kilichongwa kiuzwe? Na kama hakikuchongwa kiuzwe, ni nani aliyekitoa, na kwa idhini ya nani? Muuzaji akigugumia, weka fedha yako mfukoni. Kisha fanya lile ambalo mimi sikulifanya: kamwambie mtu. Ukipenda kuwa na nguzo yenye nakshi nyumbani, mtafute fundi akuchongee mpya, umlipe vizuri, na atie jina lake chini. Utapata kitu kizuri, na hakuna atakayekitafuta usingizini.

La tatu ni kwa wale walionavyo hata sasa, hapa kwetu na ng'ambo. Vitoeni mngali hai. Msiwaachie watoto wenu mirathi ya wizi. Na mnapovitoa, toeni pamoja navyo kila karatasi mliyo nayo, risiti, barua, jina la duka, mwaka, maana karatasi hizo ndizo zitakazokionyesha kigango njia ya kurudi mjini kwake.

Mwaka jana nilipita tena karibu na ule mji wa mkorosho. Nguzo moja imeanguka yenyewe, na nyasi zimeanza kuifunika, kama ilivyotakiwa. Mbili zingali zimesimama, zimeinama kidogo kuelekea upande mmoja. Shimo halionekani tena, limejaa mchanga. Lakini mimi najua lilipo, na kila nipitapo hukanyaga kando. Nyumbani kwangu sebuleni nimeacha nafasi moja ukutani wazi, kati ya kibao cha bao na vibuyu. Mgeni akiniuliza kwa nini pale pako tupu, humsimulia habari hii.